Maswali yenu kuhusu meli za doria: bei ya kununua ni mahari tu

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba nchi ndogo inaponunua meli ya doria hulipa mahari tu, na kwamba gharama za nyumba huanza baada ya harusi: mabaharia, dizeli, rangi na vipuri, miaka 30 mfululizo. Nilidhani habari za manowari zingepita kimya kwa wasomaji ambao wengi wao bahari waliiona siku ya ziara ya shule. Barua zilizoingia zimenisuta. Nimechagua nane. Moja ilikuwa ya matusi. Hiyo nimeiacha, ila hoja yake nimeijibu ndani ya nyingine.

Mwalimu, sisi Nakuru hatuna bahari, tuna flamingo. Kodi yangu inunue manowari ya nini? (Msomaji, Lanet)

Petroli unayotia kwenye gari lako inafika Nakuru kwa bomba kutoka Mombasa, na kabla ya bomba ilikuja kwa meli. Ngano ya mkate wako, sehemu kubwa, nayo ilivuka bahari. Hata intaneti uliyoitumia kuniandikia hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya maji. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliteka meli ya mizigo iitwayo Faina ikija Mombasa na vifaru 33 tumboni. Haikuachiwa hadi Februari 2009, baada ya fidia kulipwa. Miaka ile bima ya meli za njia hii ilipanda, na bima ikipanda baharini hailipwi na samaki. Inakuja kukaa kwenye bei dukani, Lanet ikiwemo.

Kuna na samaki wenyewe. Nchi ya pwani ina haki ya mali ya bahari hadi maili 200 za baharini, kama kilomita 370 kutoka ufuoni. Jodari wako huko mbali, na meli kubwa za kigeni ziko huko pia. Ngalawa ya Malindi haiwezi kwenda kumuuliza nahodha wa kigeni leseni yake iko wapi.

Tofauti ya manowari na meli ya doria ni nini? Kwenye picha zote zina mzinga. (Boda boda, Kondele)

Swali zuri, na wanasiasa wengi wangeshindwa kulijibu. Manowari, tuseme ile ya makombora, ni bondia: nyepesi, ya mbio, inayotakiwa kupiga mara moja na kuondoka. Meli ya doria ni mlinzi wa usiku. Kinachotakiwa kwake ni kukaa nje wiki tatu bila kurudi kuomba maji wala mafuta, kustahimili mawimbi, na kubeba boti ndogo za mbio za kuwashusha askari wapande meli inayoshukiwa. Kasi ya mafundo 20, yaani kilomita 37 kwa saa, inamtosha. Wewe na boda yako ungemwacha nyuma. Mzinga anao kwa sababu mtu asiye na fimbo hasikilizwi, lakini siku nyingi hauguswi.

Sisi wenyewe tumewahi kumgeuza bondia kuwa mlinzi. KNS Nyayo na KNS Umoja zilitoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 zikiwa na makombora. Baadaye zilipelekwa Italia kukarabatiwa, zikarudi 2011 bila makombora hayo, kwa kazi ya doria. Kuna waliolalamika kwamba tumenyang'anywa meno. Mimi naona uamuzi ulikuwa wa busara: kombora huzeeka likiwa ghalani, na adui tuliyekuwa naye wakati ule alikuwa kijana mwenye bunduki ndani ya boti ya faiba. Huyo humpigi kombora, unamkamata.

Toa mifano ya nchi ndogo nyingine. Zimefaulu au zimechezewa? (Mwalimu mstaafu, Kakamega)

Mwenzangu, yote mawili, na wakati mwingine nchi ileile imefaulu na kufeli kwa pamoja.

Chukua Ireland. Watu wake hawafiki hata nusu ya wakazi wa kaunti zetu zote za Magharibi na Nyanza wakijumlishwa na wa Bonde la Ufa, lakini bahari wanayoilinda ni kubwa mara kadhaa kuliko nchi kavu yao. Wakaagiza meli nne mpya za doria kutoka Appledore, Uingereza, kila moja mita 90. Ya kwanza ilianza kazi 2014, ya mwisho ikafuata miaka michache baadaye, na zote zilipewa majina ya waandishi wao mashuhuri. Hakuna aliyeiba, na meli ni nzuri kweli. Kisha mabaharia wakaanza kuondoka. Fundi wa injini aliyefunzwa na jeshi akagundua kiwanda cha dawa kilichoko mjini kinamlipa vizuri zaidi, na jioni analala kwake. Julai 2022 Ireland ilistaafisha meli tatu kuukuu kwa siku moja, na mwaka uliofuata nyingine mbili zikafungwa gatini kwa sababu hapakuwa na watu wa kuziendesha. Dawa waliyoitafuta ni kununua meli mbili ndogo zilizotumika New Zealand, zinazohitaji watu wachache. Meli za aina hiyo New Zealand iliziita kwa majina ya maziwa yake. Hilo lilinifurahisha, mimi mtoto wa ziwa.

Trinidad na Tobago iliagiza meli tatu Uingereza mwaka 2007. Mwaka 2010 ikaingia serikali mpya, ikasema hatuzitaki, wakati ujenzi umeshafika mbali. Mwezi wa kwanza wa 2012 Brazil ikazinunua, na mpaka leo zinalinda pwani ya Brazil. Baada ya miaka kadhaa Trinidad ikarudi sokoni, safari hii Australia, ikachukua meli mbili ndogo zaidi. Ukiuza shamba kwa hasira za uchaguzi, jirani ndiye anayevuna.

Msumbiji ndiyo inayoniuma. Kuanzia 2013 kampuni za serikali zilikopa dola takriban bilioni 2, ikidaiwa ni za boti za doria na za kuvulia jodari. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo bunge halikuiona. Ilipofichuka 2016, wafadhili walisitisha misaada na shilingi yao, metikali, ikaporomoka. Boti za jodari zilionekana zimefungwa bandarini Maputo zikipata kutu. Agosti 2024 aliyekuwa waziri wao wa fedha, Manuel Chang, alipatikana na hatia mbele ya mahakama ya New York. Kwa hiyo mtu akikwambia "usalama wa bahari hauna bei", muombe akuonyeshe mkataba.

Kuna pia meli za kupewa. Australia iligawa boti 22 za doria kwa nchi ndogo za Pasifiki kati ya 1987 na 1997. Zilifanya kazi ya maana, lakini nyingine zilishinda gatini kwa kukosa pesa za mafuta. Wahenga walisema bure ghali.

Ni kweli meli yetu moja ilikwama Uhispania miaka mingi? (Msomaji, Eldoret)

Ni kweli. KNS Jasiri, mkataba wa 2003, ilifika Mombasa 2012. Katikati kulikuwa na utata wa kandarasi, ukatajwa pamoja na zile za kashfa ya Anglo Leasing, na malipo yakasimama. Meli ni nzuri. Miaka tisa ni mingi kungoja harusi.

Mimi nauza mbuta. Waume zetu wanakamatwa na askari wa nchi jirani wakienda kisiwa cha Migingo, wananyang'anywa injini na nyavu. Hizo meli mpya mbona zote zinaishia Mombasa? (Mama, Usenge)

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu. Nitakujibu pole pole, kwa sababu jibu la haraka ("walete manowari ziwani!") halitakusaidia.

Kwanza, meli ya Mombasa haiwezi kufika hapa hata rais akiamuru. Hakuna njia ya maji kutoka baharini hadi Ziwa Victoria. Kila chombo kikubwa unachokiona ziwani kiliundwa hapa au kililetwa vipande vipande.

Pili, hata ingefika, ingefanya nini? Ghuba la Winam ni la kina kifupi, na upande wa Kisumu sehemu nyingi hazifiki hata mita tano. Ongeza magugu maji. Meli ya mita 85 ingekuwa kama lori la trela kwenye soko la Kibuye. Ziwani kinachotakiwa ni boti za mbio za mita kumi na kitu, nyingi, zilizosambazwa Usenge, Mbita, Port Victoria na Sio Port, ili moja ifike Migingo kabla injini ya mume wako haijapakiwa kwenye boti ya wengine.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Boti yenye injini mbili za farasi 200, ikikimbizwa kwa nguvu zote, hula zaidi ya lita 100 kwa saa. Fanya hesabu ya kwenda Migingo na kurudi, mara mbili kwa siku, mwezi mzima. Boti kununuliwa ni habari ya magazeti. Mafuta ya Jumanne ya kawaida hayana mpiga picha. Wasimamizi wa BMU, vikundi vya kusimamia fukwe za wavuvi, wanalijua hili kuliko mimi: wamewahi kuambiwa na walinzi wenyewe wachange petroli ndipo wakasaidiwe.

Tatu, mwaka 2018 nchi ilianzisha Huduma ya Walinzi wa Pwani, na sheria inawapa maziwa pia, si bahari peke yake. Kwa hiyo unayo ofisi ya kuidai, na si ile ya jeshi. Idai boti, lakini zaidi uliza bajeti ya mafuta na idadi ya siku walizokuwa majini mwezi uliopita. Mwombe mjumbe wako aulize hivyo bungeni, kwa namba.

Na kuna lisiloletwa na boti yoyote. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hili. Uganda na Tanzania zimegawana lililobaki. Mbuta hajui mpaka, hukaa penye maji ya kina. Migingo ni mwamba usiozidi nusu ekari, na mwaka 2009 Rais Museveni alinukuliwa akikubali kwamba mwamba ni wetu, ila maji yanayouzunguka ni yao. Maadamu hilo halijamalizwa mezani, boti zetu za doria zitaweza kusimama kati ya mume wako na kipigo, lakini hazitamfungulia uvuvi. Sipendi jibu hili, lakini ndilo nililo nalo.

Nikuachie kisa kimoja. Mwaka 1914 Waingereza walifunga mizinga kwenye meli za abiria za Kisumu. Mojawapo, Winifred, ilikwenda Karungu ikakuta boti ndogo ya Wajerumani yenye silaha. Iligeuza, ikarudi baadaye na mwenzake. Chombo kikubwa kilimkimbia kidogo, kwenye ziwa hilihili.

Tuna mafundi wa kuchomelea hapa Kisumu. Kwa nini tusiunde wenyewe? (Kijana, Nyalenda)

Tumeshaanza. Kiwanda cha meli cha hapa, kilicho chini ya Kenya Shipyards, kimeunda MV Uhuru II yenye mita 100 kwa msaada wa kitaalamu wa kampuni ya Damen ya Uholanzi. Na mji huu una desturi ndefu: SS William Mackinnon ililetwa kutoka Scotland vipande, vingine vikabebwa na wapagazi, ikaunganishwa na kushushwa majini hapa mwaka 1900, kabla reli haijafika. Marehemu baba yangu alikuwa fundi kwenye gati hili, na hakuacha kutukumbusha.

Ila usidanganyike na chuma. Katika meli ya doria, mwili wa chuma ni sehemu ya bei rahisi. Pesa iko kwenye injini, rada, mawasiliano na silaha, na hivyo vyote tutanunua nje. Faida ya kuunda nyumbani ni nyingine: aliyechomelea ubavu anajua kuufungua. Meli ikiharibika hutampigia simu mtu wa Ulaya na kungoja ndege. Ningeanza na boti za mama wa Usenge. Maji baridi hayali chuma kama chumvi, kwa hiyo makosa ya kujifunzia hayatatugharimu sana.

Jambo moja wanaopanga bajeti hulisahau: ili meli moja iwe nje wakati wote, unahitaji tatu. Moja iko doria, moja iko kwenye chelezo inapakwa rangi, na ya tatu mabaharia wake wanafunzwa au wamepumzika. Ukiambiwa tumenunua mbili, hesabu kwamba kuna siku nyingi itakuwa hakuna.

Droni si zingetosha? (Mwanafunzi wa chuo, Maseno)

Droni inaona, haipandi meli ya watu kukagua nyavu, wala haiokoi aliyepinduka. Nunua droni ili meli ijue pa kwenda, isichome dizeli ikizurura.

Mwanangu amemaliza kidato cha nne, anataka jeshi la majini. Hajui kuogelea, na tuko mbali na maji. Asubiri? (Mama, Mumias)

Asisubiri, mama. Asikilize tangazo la usajili wa KDF, yaani jeshi la Kenya, aende siku ya kaunti yenu na kitambulisho na vyeti halisi. Makurutu huanzia Eldoret wote pamoja. Baharia hafiki Mtongwe, kambi ya jeshi la majini, kabla ya hapo. Kuogelea kunafundishika. Kama ana muda sasa, mpeleke akasomee umeme au injini za dizeli, maana hao ndio Ireland inawatafuta kwa tochi. Usajili ni bure. Akija mtu Mumias kuomba laki tatu ili "ampitishe", muulize kwanza meli yake inaitwaje.