Mshumaa unaochimba shimo na kuzimika

Swali: Ndugu Mhariri, ninafuga nyuki huku Sikonge, na baada ya kukamua asali huyeyusha masega ili nipate nta ya kutengenezea mishumaa ya nyumbani. Mishumaa myembamba huwaka vizuri, lakini ile ninayomimina katika vikopo vipana huchimba shimo katikati, nta ikabaki imeganda pembeni, na mwali hufifia hadi kuzimika. Uzi wa pamba ninaotumia ni uleule. Je, nta yangu ina kasoro?
*Msomaji, Tabora*

Jibu: Ndugu msomaji, nta ingekuwa na kasoro, hata mishumaa myembamba isingewaka vizuri. Tatizo ni utambi. Wengi hudhani kwamba kinachowaka ni utambi na kwamba nta ipo kuushikilia tu, kumbe joto la mwali huyeyusha nta, nta hiyo hupanda kwa kunyonywa na nyuzi za utambi, ikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaoungua. Ukitaka kuthibitisha, zima mshumaa uliokwisha kuwaka kwa muda, kisha papo hapo sogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye moshi mweupe unaopanda, sentimita moja hivi juu ya utambi. Mwali utashuka kwa kupitia moshi na kuuwasha utambi ambao hukuugusa. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, aliwaonyesha vijana jambo hilohilo katika mihadhara yake ya London mwishoni mwa mwaka 1860, na hadi leo sijaona jaribio rahisi linalolishinda.

Kwa hiyo unene wa utambi ndio unaoamua ni nta kiasi gani itakayofika kwenye mwali. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, na hata ikiyeyuka huwa nzito, hivyo uzi mwembamba katika kikopo kipana huzaa mwali mdogo usioweza kuyeyusha nta hadi ukingoni. Suka nyuzi kadhaa za pamba pamoja, utengeneze vikopo viwili au vitatu vyenye tambi za unene tofauti, uviwashe kwa saa mbili au tatu, kisha uchague kile ambacho nta yake imeyeyuka karibu kufika kingo zote. Nta uichuje kwanza kwa kitambaa, maana masalia ya masega huziba utambi.

Hata hivyo, usizidishe. Utambi mnene mno au mrefu mno hupandisha mvuke mwingi kuliko hewa inayoufikia mwali. Rangi ya manjano unayoiona hutokana na punje za kaboni zinazong'aa kwa joto ndani ya mwali, nazo zikikosa oksijeni ya kutosha hutoka zikiwa masizi na kutia weusi dari. Kabla ya kuwasha, kata utambi ubaki na urefu wa milimita 6 hivi.

Wakati wa kuyeyusha, weka chombo cha nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe; na nta ikishika moto, ifunike kwa mfuniko, wala usiimwagie maji kamwe, kwa kuwa yatachemka ghafla na kuirusha nta inayowaka.