Kidole cha Mwisho Hakikufa Ganzi

Juzi binti mmoja anayesoma chuo Dar kaniandikia, anataka nimtajie dawa ya kuchua mikono. Anachapa kazi za wenzake usiku kucha apate ya kula, na sasa vidole vinamchoma kama kaviingiza kwenye siafu. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Huyo ni mimi wa mwaka 2019, ndani ya steshenari ya watu huku Ngamiani, Tanga.

Msimu wa maombi ya mikopo ya chuo ndio ulionimaliza. Foleni inatoka mlangoni hadi barabarani, kila mzazi na bahasha yake ya vyeti, kila mtoto kasahau nywila. Nachapa toka saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kiti cha plastiki kifupi, meza ndefu ya kulia chakula, viganja vimepinda juu ya kibodi siku nzima. Nilikuwa mwepesi, sijisifu. Wateja walikuwa radhi kunisubiri mimi na huku mwenzangu kakaa bure. (Haya, najisifu kidogo.)

Kisha zikaja zile saa nane za usiku. Naamka mkono umekufa ganzi, naukung'uta pembeni ya kitanda mpaka mume wangu anauliza nafukuza nini. Ukishakung'utwa unatulia, nalala, saa kumi naamka tena. Bi mkubwa akasema ni baridi, akanichua kwa mafuta ya karafuu. Jirani akasema kuna mkono wa mtu hapo. Nilichuliwa mwezi mzima. Nilinukia vizuri tu.

Siku chupa ya chai iliponiponyoka mbele ya wateja, nilimwomba bosi kiti cha maana na mapumziko ya siku tatu. Maneno yake ninayo mpaka leo: "Babu zetu wamekata mkonge juani hawakulalamika, wewe unabonyeza vitufe kivulini." Watu wakacheka. Mwisho wa mwezi akanikata bei ya kibodi iliyolowa chai. Sijasahau, na sijifanyi nimesamehe.

Hospitali nilikwenda kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Daktari akaniambia nikutanishe migongo ya viganja, vidole vitazame chini, nikae hivyo dakika moja. Hata nusu haikufika, ganzi hiyo. Akauliza, "Na kidole cha mwisho?" Nikakitazama. Kizima! Miezi yote ile sikuwahi kukiuliza.

Akanichorea. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, chini mifupa, juu utepe mgumu. Humo zinapita kano 9 za kukunjia vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu, unaohudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Pakibana humo ndani, mshipa ndio unaoumia. Kidole cha mwisho kina mshipa wake, haupiti njia hiyo. Wao wanaita karpali taneli. Mimi nikawaza, baridi gani hii inayochagua vidole?

Akaniuliza kama nina kisukari, kama nina mimba, kama tezi ya shingo ina shida, maana vyote hivyo huchangia. Akauliza na kazi za nyumbani. Nikamwambia nazi nakuna kila siku, tui nakamua kwa mkono, nafua. Akatabasamu. Kumbe wataalamu wenyewe bado wanabishana kama kibodi peke yake inaweza kuleta ugonjwa huu.

Nikapewa bendeji ngumu yenye ubapa wa chuma, ya kuvaa usiku ili kifundo kisipinde. Wiki ya tatu nililala mpaka adhana ya alfajiri. Wapo wanaohitaji sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, wapo wanaopasuliwa ule utepe ukatwe. Mimi sikufika huko. Leo nina steshenari yangu mwenyewe, na kiti cha kwanza nilichonunua kinapanda na kushuka. Yule bosi hupita hapa mlangoni. Huwa namsalimia.

Sasa nyinyi mnaochapa, nisikilizeni. Acheni ushujaa! Lala na kifundo kilichonyooka. Kibodi ikae usawa wa kiwiko, kifundo kisipinde. Simama kila nusu saa, mteja hatakufa. Nazi wakune na watoto wa kiume, wana mikono. Na nasema tena, lala na kifundo kilichonyooka. Ukiona nyama ya chini ya gumba inapungua, au vitu vinakudondoka ovyo, usinunue mafuta, panda bodaboda uende hospitali siku hiyohiyo, mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usirudi kama ulivyokuwa.

Na wewe binti wa Dar, kabla sijakutajia chochote, usiku wa leo ukiamka usikung'ute kwanza. Washa taa, kiguse kidole cha mwisho, asubuhi uniandikie kama nacho kimekufa ganzi.