Funzo la mbwa mwitu na mwanakondoo
Umeuliza kama funzo la hadithi ya mbwa mwitu na mwanakondoo ni "usibishane na mwenye nguvu". Hapana, silo. Phaedrus, mshairi wa Kirumi aliyeiandika kwa Kilatini katika karne ya 1 BK, analisema mwenyewe mwishoni: hadithi inawalenga wanaowaonea wasio na hatia kwa visingizio vya kubuni. Lawama ni ya mbwa mwitu. Anadai mwanakondoo anamchafulia maji ya kunywa, ilhali yeye ndiye kasimama upande wa juu wa mto! Akishindwa hapo, anasema mwanakondoo alimtukana miezi 6 iliyopita. Mwanakondoo anamjibu kuwa hata hakuwa amezaliwa. Basi aliyenitukana ni baba yako, mbwa mwitu anamwambia, na kumrarua.

Ni hadithi ya kwanza kabisa katika kitabu cha 1 cha Phaedrus. Nakala za kale zinamtaja kama mtumwa aliyeachwa huru na Augustus, mfalme wa Roma, na katika utangulizi wa kitabu cha 3 anaeleza kuwa ngano zilibuniwa kwa sababu mtumwa hakuthubutu kusema wazi ya moyoni. Kwa hiyo alijua anamsema nani.

Ila kisa chenyewe alikitoa kwa Aesop, msimulizi wa ngano wa Wagiriki, na waliokisimulia baadaye walikibandika mafunzo yao. Huenda hilo funzo lako la "usibishane" limetoka huko.