Re: Nimehamia Hamburg, jirani analalamikia taka zangu
Dada pole, hiyo ya jirani kukugongea mlango kisa maganda ya ndizi imewakuta wengi huku Ujerumani. Mabaki ya chakula funga kwenye gazeti ndo utupe pipa la taka za kuoza, mfuko wa plastiki humo hapana, hata ile iliyoandikwa inaoza kuna miji wanaikataa, cheki tovuti ya jiji. Chupa za vioo peleka kwenye makontena ya mtaani kwa rangi zake, ila Jumapili usiende, wanachukia kelele balaa. Chupa za plastiki na makopo ya soda yenye alama ya amana (pesa uliyolipa juu ya bei ya kinywaji) usitupe kabisa, rudisha supamaketi kwenye mashine, kila moja unarudishiwa senti 25 za yuro.

Ila usijione mshamba wa mazingira! Kopo la majarini kuwekea viungo, kanga kuukuu kuwa tambara, kikapu cha sokoni, hayo umetoka nayo Tanga, na Tanzania mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 wakati huku matunda bado yanafungwa kwenye vimifuko laini. Endelea nayo tu, mi naona yanasaidia kuliko hata huko kuchambua taka, maana kopo unalolitumia tena halifiki pipani.