Kabla Hujabadilisha Difu ya Alfa Yako, Sukuma Kabureta kwa Mkono

Gari langu ni Alfa Romeo Giulia Sprint GT Veloce ya 1967, bodi iliyobuniwa na Bertone wa Italia, injini ya cc 1,570, kabureta mbili (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) aina ya Weber 40 DCOE. Nalipenda kupita kiasi. Kilichonisumbua ni barabara ya Mombasa. Difu yake ya kiwandani, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, ni ya meno 9 kwa 41: shafti huzunguka mara 4.55 gurudumu likizunguka mara moja, na ingawa gia ya tano ni ndefu, ukienda kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu mara 3,100 kwa dakika. Kelele hiyo ukiisikiliza kutoka Athi River hadi Voi, kichwa kinauma.

Basi nikatafuta difu ya meno 10 kwa 41, yaani 4.1, kama iliyofungwa kwenye Alfa ya 2000 GTV. Mwendo uleule, mizunguko inashuka hadi 2,800 hivi. Ikafungwa, tukateremka pwani raha mustarehe. Kurudi ndiko kulikonitoa jasho. Kwenye vilima vya Salama gia ya tano ilikataa kabisa, ya nne ikavuta kwa kusitasita, na nyuma yangu lori la kontena likinimulikia taa. Nilifika Nairobi nimeshaamua kwamba difu ndiyo mbaya, nikawa tayari kulipa tena ili ile ya zamani irudishwe.

Kilichoniokoa ni plagi. Za silinda ya tatu na ya nne zilitoka na rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa. Ya kwanza na ya pili zilikuwa nyeupe kama chaki. Mbili hizo zinalishwa na kabureta moja, ile ya mbele.

Kwenye Alfa hizi kabureta haikai moja kwa moja kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza mchanganyiko kwenye silinda. Katikati kuna kipande cha mpira kilichogandishwa kwenye bamba za chuma, cha kuzuia mtetemo usiifanye petroli itoke povu ndani ya kabureta. Mpira huo huzeeka kwa joto na mafuta. Wangu ulionekana mzima nilipoutazama kwa juu. Nikashika kabureta, nikaisukuma chini kidogo, na pale mpira unapokutana na chuma pakafunguka ufa, ukapanuka kama mdomo. Nilipoachia, ukajifunga. Hewa ilikuwa ikiingia hapo bila kupita kwenye kabureta, silinda mbili zikipata petroli kidogo kuliko hewa, kisha mimi nikaziongezea mzigo wa difu ndefu.

Chini ya kabureta nikakuta sababu: kile kishikizo cha chuma kinachozibeba kutoka chini hakikuwepo. Mtu alikitoa zamani na hakukirudisha, uzito wote ukabaki kwenye mpira. Ukinunua mipira mipya bila kurudisha kishikizo, hela yako imekwenda. Na ukifika hatua ya kufungua manifoldi yenyewe, mwaga maji ya rejeta kwanza, kwa sababu maji ya injini hupita humo pia na gasketi ileile huzuia hewa na maji.

Kupima bila kufungua ni rahisi. Acha injini ingurume taratibu, nyunyizia maji kwenye maungio kwa chupa ya kupulizia. Mlio ukibadilika, umepata. Wako wanaotumia petroli. Injini ikiwa na joto, huko ni kutafuta moto. Kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri pale Ngong Racecourse, huona kabureta zinazong'aa kama vioo, na kila mara natamani kuomba ruhusa niisukume ile ya mbele.

Jambo la jeti, vile vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta, nalo lina uzito kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Ukipanga jeti za hapa zikae sawasawa, ukifika Mombasa hewa ni nzito na petroli inapungua, tena ukiwa unakanyaga. Mimi nimepanga za pwani. Nairobi gari linakunywa zaidi kidogo, nami nakubali. Kifuniko cha jeti kwenye DCOE hufungwa kwa nati moja ya kipepeo, hivyo kubadilisha si kazi kubwa.

Baada ya mipira mipya, Salama napanda kwa gia ya nne bila kusita, na difu ya 4.1 imebaki. Lakini kama safari zako ni Westlands na Karen tu, ningekushauri uiache 4.55, maana injini ya cc 1,570 kwenye hewa ya huku inahitaji msaada huo wa kuondokea. Kabla ya kulipia difu ya mkononi, hesabu: zungusha pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, na gurudumu zote mbili za nyuma zikimaliza mzunguko mmoja pamoja, pinioni iwe imezunguka mara nne na kidogo. Ikifika nne na nusu, umeuziwa ile ile uliyonayo.

Na angalia geji ya spidi. Inachukua mzunguko kwenye giaboksi, kwa hiyo baada ya kubadilisha difu inasoma pungufu. Yangu ikionyesha 90, simu inasema 100.