Kidonda cha tumbo kikitoboka: tumbo wazi au matundu?

Mdogo wangu alipasuliwa hapa Pemba, na baadaye mtoto wa ami yangu akafanyiwa upasuaji wa matundu Dar es Salaam, yaani tumbo halichanwi, hutobolewa vitundu vidogo vya kupitishia kamera na vifaa. Wote wawili ni kidonda cha tumbo kilichotoboka, na wote nimewauguza mimi. Ndiyo maana watu huniuliza upi bora. Mie huwaambia kwanza: mgonjwa kashafika spitali?

Maumivu yake si ya kiungulia. Huja ghafla chini ya kifua, na mgonjwa hukwambia hasa yalianza akiwa anafanya nini. Mdogo wangu alijikunja hataki kuguswa, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Shangazi akasema ni chango, atafutwe mtu wa kumkanda. Jamani, tumbo la namna hiyo halikandwi, na mgonjwa hapewi kitu mdomoni, si maziwa wala dawa ya miti shamba. Asidi na chakula vinamwagika ndani. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2013 kwamba kila saa inayopita kabla ya upasuaji ilipunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 2.4.

Wengi tunakwama kwenye kutia saini ya kukubali upasuaji. Ami alitaka tusubiri boti ya asubuhi, kijana apelekwe kwenye kamera, asichanwe. Daktari akatuonesha picha ya eksirei: ukanda mwembamba mweusi juu ya ini. "Hii ni hewa iliyotoka kwenye tundu," akasema. Baba akatia saini pale pale.

Ndani kazi ni ile ile. Tundu huzibwa kwa nyuzi na kipande cha utando wa mafuta unaofunika matumbo, njia aliyoieleza Roscoe Graham wa Kanada mwaka 1937, kisha tumbo linaoshwa. Kwa matundu, tumbo hujazwa gesi na daktari hufanya kazi akitazama kwenye skrini. Philippe Mouret na wenzake wa Ufaransa waliandika kuhusu njia hiyo mwaka 1990.

Tofauti utaiona wodini. Mdogo wangu alikuwa na mshono kutoka chini ya kifua hadi kupita kitovu. Akitaka kukohoa, lazima akumbatie mto, na upande wa chini ukatoa usaha, ikawa kusafishwa kila siku. Mtoto wa ami alilalamikia bega tu, kwa sababu ya ile gesi, na akainuka kutembea mapema. Tafiti nazo zinaonesha hivyo: maumivu machache, usaha wa mshono mchache. Kwenye vifo, tofauti ya wazi haijaonekana.

Kwa mgonjwa aliyewahi, presha yake iko sawa, na madaktari waliozoea kazi hiyo wapo, ningemchagulia matundu bila kusita. Lakini kama presha imeshuka, amekaa na maumivu zaidi ya siku nzima, ana maradhi mengine mazito au tundu ni kubwa, nataka afunguliwe tumbo. Gesi ile huongeza shinikizo tumboni na kumlemea moyo mtu aliyekwisha dhoofu. Na anayeanziwa matundu anaweza kufunguliwa katikati ya kazi; msimlaumu daktari kwa hilo, ndivyo anavyomlinda mgonjwa wenu. Muulizeni hivi: "Kwa hali yake ya sasa, na vifaa vilivyopo hapa, ipi salama zaidi?" Akishajibu, tieni saini.

Akipona, ukubwa wa kovu si kazi yenu tena; kazi ni kujua kilicholeta kidonda, kisirudi. Mdogo wangu ni mchumaji karafuu, na msimu mzima alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda vya tumbo, kwa ajili ya mgongo, mara nyingi hajala kitu. Mwambieni daktari kila kidonge anachonunua dukani, na sigara kama anavuta. Ombeni apimwe Helicobacter pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo. Wakipatikana, atapewa antibayotiki pamoja na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, amalize dozi yote, kisha arudi kupimwa kuona kama wamekwisha. Na Ramadhani ikikaribia, amuone daktari kabla ya kuanza kufunga.