Rangi ya Kibanda cha Sungura

SWALI: Nimemtengenezea sungura wangu kibanda cha mbao cha kukaa ndani ya nyumba. Nikipake rangi gani isiyomdhuru, na aingie baada ya muda gani?

JIBU: Tumia rangi ya maji isiyo na harufu kali, kisha vanishi ya maji juu yake, kwa kuwa zile za mafuta hutoa mvuke kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, sungura hutafuna, na hakuna rangi ninayoweza kuiita chakula. Kwa hiyo kingo na fremu ya mlango, ambako meno hufika kwa urahisi, ni afadhali ziachwe mbao tupu.

Kazi kubwa iko sakafuni. Mkojo hupenya kwenye maungio na kwenye ncha zilizokatwa, ambako nyuzi za mbao hunywa maji kama utambi, basi ncha hizo zipige mikono mitatu ya vanishi, yaani tabaka tatu, ukisugua kwa msasa laini na kufuta vumbi kila mkono unapokauka.

Vanishi hukauka kwa saa chache, lakini kukomaa kwake, yaani kuwa ngumu kabisa hadi ndani, huweza kuchukua wiki 3 au 4. Kiache kibanda wazi penye hewa, mbali na mnyama, hadi ukiinusa kona ya ndani usisikie harufu yoyote.